Milioni tano kwa laptopu moja: MacBook Pro M5, Air M4 na ThinkPad ya mtumba

Shemeji yangu anapiga na kuhariri video za harusi. Mwishoni mwa Oktoba 2025 alinitumia picha WhatsApp bila hata salamu: boksi jeupe la MacBook Pro ya inchi 14 yenye chipu mpya ya M5, limeshikwa na mkono wa winga, yaani dalali, wa Kariakoo. Chini yake ameandika, "Shemeji, wanasema milioni nne na laki tisa. Nichukue?"

Sikumjibu siku ile. Katika ukoo wetu mimi ndiye "anayejua kompyuta", cheo nilichopewa kwa sababu niliwahi kumbadilishia mama mkwe betri, na mwenye cheo hicho ndiye hulaumiwa mashine ikileta shida. Nikaona bora niziweke mezani mashine tatu kwanza. Ya kwanza ni hiyo anayoitaka yeye. Ya pili ni MacBook Air ya M4, ambayo muuzaji yeyote angemsukumia akisikia hela haitoshi. Ya tatu ni ThinkPad T14 ya kizazi cha pili, mtumba uliotoka ofisi za Ulaya, ambayo ndiyo ninayoandikia maneno haya.

Kilichomo ndani ya boksi

MacBook Pro ya M5 ilitangazwa tarehe 15 Oktoba 2025 na ikaanza kuuzwa tarehe 22. Marekani ilipotoka bei yake ilikuwa dola 1,599 kabla ya kodi ya mauzo ya jimbo, na kwa hela hiyo ulipata RAM (kumbukumbu ya kazi ya mashine) ya GB 16 na diski ya GB 512. Umbo ni lile lile lililoanza mwaka 2021: kilo 1.55, tundu la HDMI, tundu la kadi ya kamera, matundu matatu ya Thunderbolt 4 na feni ndani. Air ya M4 ilitoka Machi 2025 kwa dola 999. RAM ni GB 16 pia, diski ni GB 256, uzito kilo 1.24, na feni haina kabisa. Hapa Dar niliulizia nikatajiwa milioni mbili na laki tisa na nusu. T14 yangu ni toleo la 2021. Niliinunua kwa laki nane na nusu, na kwenye kona moja ya mfuniko bado kuna alama ya gundi mahali ilipokuwa stika ya mali ya ofisi.

Neno moja kuhusu hiyo M5, kwa kuwa wauzaji wanaitaja kama vile M4 imeoza. Apple wenyewe wanasema inaizidi M4 kwa hadi asilimia 20 kwenye kazi zinazotumia kori zote (injini ndogo zilizo ndani ya chipu), na hadi mara 1.6 kwenye michoro. Hiyo "hadi" isomwe kwa sauti. Ikiwa duka bado lina Pro ya M4 iliyobaki stoo, yenye RAM na diski zile zile, basi kila laki wanayokupunguzia ni yako, na siku ya kuhariri sherehe ya kumkabidhi bibi harusi hutajua tofauti.

Chumba cha bati, Februari

Watu wakilinganisha Pro na Air hukimbilia kasi. Kasi ya kawaida karibu zinalingana. Kinachozitenga ni kazi ndefu, na kwetu huku kuna joto.

Shemeji anahariria Mbagala, chumba cha bati chenye pangaboi moja. Apple wanaandika kwenye karatasi zao kwamba mashine hizi zitumike katika joto la nyuzi 10 hadi 35. Kile chumba, Februari saa nane mchana, kiko kwenye ukingo huo kabla hujawasha kitu. Air ikipata moto haina pa kuupeleka isipokuwa kwenye mwili wake wa alumini, kwa hiyo chipu inajipunguza kasi yenyewe. Kwa barua pepe, Excel, mikutano ya Zoom na kuandika ripoti, hutaliona hilo maisha yako yote. Kwa kurenda, yaani kuitoa video iliyokamilika, filamu ya harusi ya saa mbili utaliona: dakika za mwanzo inakwenda bega kwa bega na ndugu yake wa bei, baadaye inaanza kuvuta mguu. Pro inawasha feni na kuendelea.

ThinkPad yangu nayo ina feni, tena inalia kama mashine ya kusaga unga. Kwa video nzito haiko kwenye mashindano haya, na sitajifanya iko. Kwa kutafsiri mikataba, ambayo ndiyo kazi yangu, inanitosha na kubaki.

Kioo ndicho kitu cha Pro ninachokionea wivu. Air inatoa mwanga wa niti 500 (niti ni kipimo cha mwanga wa kioo), Pro inafika 1,000 ukiwa juani na 1,600 kwa picha za HDR, zile zenye mwanga na giza la kina zaidi, na inajichora upya mara 120 kwa sekunde dhidi ya 60 za Air. Kwa mtu anayepambana na ngozi ya bibi harusi iliyogeuzwa zambarau na taa za mapambo ya ukumbi, kioo kinachosema kweli kina thamani. Vioo vya T14 vya bei ya chini vina rangi zilizofifia, ukirekebisha rangi humo unaweza kumpelekea mteja watu wa rangi ya embe. Ingawa, tuseme ukweli, mteja mwenyewe ataitazama video kwenye simu yenye kioo kilichopasuka.

Betri nitaipita haraka. Pro ina Wh 72.4 (kipimo cha umeme ambao betri inabeba), Air 53.8, na Apple wanahesabu saa 24 na 18 za kutazama video. Zote mbili zinavuka umeme ukikatika jioni nzima. Betri ya mtumba ni bahati nasibu mpaka uibadilishe.

Diski ndiyo inayokula hela

Hapa ndipo shemeji alipokuwa anakosea, na nadhani wengi wanakosea naye. Alisema anataka Pro kwa sababu ina GB 512, "Air ile 256 itajaa". Nikamwomba kalamu.

Kamera yake inarekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde. Saa moja ni GB 45. Ana kamera mbili, na usiku mmoja wa harusi kila moja inarekodi kama saa tatu. Hiyo ni GB 270, harusi moja. Ukitoa nafasi ya mfumo wenyewe na programu, hiyo GB 512 inabeba harusi moja na kipande. Msimu ukichanganya, ana harusi tatu au nne zinazosubiri kwa wakati mmoja. Kwa hiyo Pro au Air, diski ya nje atanunua tu, na akishaitumia kuhifadhi kazi, ile tofauti ya 256 na 512 inapungua uzito. Wakati ule Apple walitoza dola 200 kuipandisha Air kutoka 256 hadi 512. Diski ya nje ya SSD ya terabaiti 1 ilipatikana kwa takribani nusu ya hiyo.

RAM ni habari nyingine. Kwenye MacBook zote mbili imeshikamana na chipu, huongezi baadaye hata ukimlipa fundi nini. Kama una laki tano za ziada na unafanya video, ziweke kwenye RAM ya GB 24 na uache diski ndogo. T14 ina RAM nusu imegandishwa kwenye ubao na nusu ni tundu la kuchomekea. Mimi niliongeza GB 16 dukani kwa fundi nikiwa nimesimama, kahawa haijapoa.

Hesabu ya mwezi, na mahali inapodanganya

Tuchukue bei nilizotajiwa, tukisie utaiuza kwa kiasi gani mwishoni, tugawe kwa miezi. Makisio ya kuuza ni yangu, badilisha upendavyo.

Pro ya M5: milioni 4.9, ukiitumia miaka 6 na kuiuza milioni 1.3, imekula 50,000 kwa mwezi.
Air ya M4 na diski ya nje ya laki mbili na nusu: milioni 3.2, miaka 6, ukiiuza laki 8, imekula kama 33,000 kwa mwezi.
ThinkPad na betri mpya: milioni 1, miaka 3, ukiiuza laki mbili na nusu, imekula kama 21,000 kwa mwezi.

Shemeji alipoona hivyo alipiga kofi. Tofauti ya Pro na Air ni kama elfu kumi na saba kwa mwezi! Chipsi mayai na soda mara tatu nne. Nani atajinyima kioo kile kwa ajili ya chipsi?

Lakini hesabu ya mwezi ina ujanja wake. Duka halikutozi kwa mwezi, linataka zote leo. Yeye milioni 4.9 hana; ana milioni tatu, nyingine angekopa kikoba, na marejesho ya kikoba hayajui kwamba Ramadhani na Kwaresma harusi zinapungua. Pia nimegawa kwa miaka sita kana kwamba miaka sita hiyo imo mfukoni. Haimo.

Mwaka jana nilimwaga chai ya tangawizi, kikombe kizima, juu ya hii ThinkPad. Kibodi za ThinkPad za aina hii zimetengenezwa kustahimili kumwagikiwa. Niliizima, nikaigeuza kifudifudi juu ya khanga ya mke wangu (hilo nalo lilikuwa kesi), chai ikachuruzika upande wa pili. Fundi alibadilisha kibodi kwa elfu sitini na herufi "n" ikarudi kuwa "n". Rafiki yangu mmoja alimwagia soda laptopu nyembamba ya bei, mpya, ya miezi minne. Humo chipu, RAM na diski vyote viko kwenye ubao mmoja, kwa hiyo ubao ukifa umekufa na picha zako. Fundi alitaja milioni moja na laki sita, na kazi za wateja hakuahidi. Kimsingi MacBook zote mbili tunazozungumzia zimejengwa hivyo hivyo. Dhamana ya mwaka 1 ya Apple haigusi maji wala kuanguka, na Apple hawana duka lao lenyewe popote barani Afrika. Kuna mawakala wa matengenezo, na kuna kusubiri kifaa.

Kwa hiyo swali nililomrudishia shemeji halikuwa kama Pro ni nzuri. Ni nzuri sana. Nilimuuliza: ikiibiwa kwenye bodaboda Ijumaa usiku, harusi ya Jumamosi utaihariria wapi?

Akanyamaza.

Halafu tukajumlisha pamoja. Air milioni 2.95 na ThinkPad laki nane na nusu ni milioni 3.8. Mashine mbili, na bado imebaki milioni moja na laki moja ukilinganisha na Pro moja. Nusu ya baki hiyo inanunua diski mbili za nje, moja ya kazi na moja ya nakala inayolala nyumbani kwa dada yake. Kikoba bado angekigusa, ila kwa deni dogo kuliko la Pro. Kurenda afanye usiku wakati bati limepoa. ThinkPad ikae kwa ankara, mikataba, kuchoma kazi kwenye flashi, na iwe ya akiba siku mbaya. Harusi itakwenda polepole humo, lakini itakwenda.

Angekuwa studio yenye kiyoyozi, ana wasaidizi wawili, anapeleka kazi kila wiki, ningemwambia achukue Pro na asigeuke nyuma. Mtu wa namna hiyo mashine inamrudishia hela yake ndani ya msimu mmoja, na tayari ana nyingine mezani. Ila nimeona Pro nyingi mitaani zinazofungua Word na YouTube tu. Mwenyewe anajua, mimi simsemi.

Kabla hujaipenda, iulize inafungua nini

Mhasibu anayetumia TallyPrime asinunue MacBook, hiyo ni programu ya Windows. Mwanafunzi wa usanifu majengo ambaye kozi yake inadai Revit, programu ya kuchora majengo, vile vile. Revit haina toleo la Mac. Zamani uliweza kuweka Windows upande wa pili wa Mac kwa Boot Camp. Kwenye hizi chipu za M haipo tena, zimebaki njia za kuzungukia ambazo zinataka leseni na uvumilivu. Ukiwa na swali la aina hii, ThinkPad imeshashinda kabla kioo hakijatajwa.

Ila mtumba wa Windows nao umepata mtego mpya. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, siku moja kabla M5 haijatangazwa. Windows 11 inataka, kwa mashine za Intel, prosesa za kizazi cha nane kwenda juu. Madukani bado zimejaa HP EliteBook 840 G3 na ThinkPad T470, za kizazi cha sita na cha saba, zimefutwa vumbi vizuri na kuitwa "kama mpya". Bei yake inavutia kwa sababu hiyo hiyo. Kwa HP anza na 840 G5, kwa ThinkPad anza na T480, na hata hizo hakikisha prosesa ni ya kizazi cha nane.

Mac za mtumba nazo zina lao. Apple wamesema macOS Tahoe, iliyotoka Septemba 2025, ndiyo ya mwisho kwa Mac za Intel, na ile MacBook Pro ya 2017 unayoonyeshwa kwa laki tisa hata hiyo Tahoe haiipokei, ilishafika mwisho wa barabara, tena ni ya miaka ile ya kibodi ya kipepeo ambayo Apple walilazimika kuitengenezea mpango wa kuitengeneza bure mwaka 2018. Ukitaka Mac ya bei ya chini, tafuta Air ya M1 ya mwisho wa 2020 na uikague vizuri.

Kuikagua kwenyewe: mwambie muuzaji aifute yote mbele yako, aiunganishe na intaneti, aiwashe upya. Ikidai akaunti ya mtu mwingine au ikisema inasimamiwa na kampuni fulani, funga mfuniko, shukuru, ondoka. ThinkPad iwashe huku ukibonyeza F1. Ikidai nywila kabla hata ya Windows, ondoka pia. Kwenye Windows andika powercfg /batteryreport uone betri ilizaliwa na kiasi gani na imebakiwa na kiasi gani. Muuzaji akikwambia hilo linachukua muda mrefu, ni dakika moja.

Boksi limetoka nchi gani

Kompyuta hazitozwi ushuru wa forodha katika ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ni asilimia 0. Lakini kuna usafiri, kodi nyingine na faida ya watu watatu wanne njiani. Dola 1,599 kwa shilingi 2,500, nikizungusha, ni kama milioni nne. Hiyo laki tisa ya juu ndiyo safari ya boksi, na kabla ya kuilipa, lisome.

Likitoka Marekani, plagi ni ya miguu miwili bapa, utanunua adapta. Likitoka Dubai, plagi ni ya miguu mitatu kama yetu, ila kibodi huenda ina herufi za Kiarabu pembeni. Jirani yangu mmoja anaipenda hivyo, anasema inamkumbusha madrasa. Likitoka Uingereza plagi nayo ingekuwa yetu, lakini MacBook Pro ya M5 inayouzwa Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya haina chaja ndani ya boksi. Waya upo, kichwa cha chaja hakuna. Kichwa halisi cha wati 70 si cha elfu ishirini, na vile vya elfu ishirini usivichomeke kwenye kitu cha milioni tano.

Haya yote nilimweleza kwa sauti ndefu tatu za WhatsApp. Akaweka dole gumba, basi. Nikajua kioo kimeshamshinda.

Jumamosi saa sita mchana akanipigia, nyuma yake nasikia honi za mtaa wa Msimbazi, Kariakoo.

"Shemeji, wamefungua boksi. Kuna waya tu."

"Umelipa?"

"Bado."

"Waulize Air wanauzaje."